Mjibie Mwenzako

Machi 3, Jumatatu. Mawingu, mvua bado.

Nimenunua daftari hili kwa sababu jana mkwe wangu aliniambia, kwa adabu zake zote, "Mama, hiyo ya abiria aliyepanda basi na mbuzi umeshanisimulia mara tatu." Haya. Daftari halina mdomo wa kunikatiza.

Leo mwanangu amenipeleka kituo cha mchana cha wazee. Yeye anapaita "mahali pa kuchangamka". Anatoka kwenda kazini alfajiri, mkewe vilevile, na nyumba inabaki na mimi na friji. Mimi nimetangaza safari za mabasi stendi kuu maisha yangu yote, tangu vipaza sauti vinakoroma mpaka vilipopata akili. Sauti hii imepandisha watu magari wasiyoyataka. Sasa inaita paka, na paka mwenyewe ni wa jirani.

Kituo ni ukumbi mmoja mrefu, viti vya plastiki vimepangwa duara, meza ya chai, kabati la udongo wa kufinyangia, na choo mwisho kabisa wa ujia. Yupo Mkuu, mama wa miwani anayekaa ofisini. Yupo Mratibu, binti mwenye filimbi shingoni, ndiye anayeongoza michezo. Yupo Dereva. Wengine wote ni wazee kama mimi, na mmoja anaitwa Mwenyekiti ingawa hakuna aliyemchagua. Tumefanya mazoezi tukiwa tumekaa, tumerushiana mpira, tumeimba. Nilipoanza kuimba, Mwenyekiti akaziba masikio: "Lo! Huyu ni kipaza sauti!" Kufika saa ya chai jina langu likawa Kipaza. Jina nimepata, lakini hakuna aliyeniuliza habari yangu.

Machi 5, Jumatano.

Nimefinyanga sahani. Imepasuka. Mvua ya kwanza.

Machi 6, Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya matembezi, na utaratibu wao sijauona popote. Kila mtu ana mwenzi. Kabla gari halijaondoka Mratibu anaita majina, na ukiitwa wewe unanyamaza. Anayejibu ni mwenzi wako. "Yupo!" Ati zamani kila mtu alikuwa akijijibia, mpaka babu mmoja akaitika vizuri, akashuka kununua karanga, gari likaenda. Ndiyo maana Mratibu anatukumbusha kila mara kwa filimbi yake: "Mjibie mwenzako! Mtazame kwanza, kisha mjibie!"

Sisi hatugawanyiki wawili wawili, na mimi ndiye mgeni, basi nimepewa Dereva.

"Kipaza?"

"Yupo!" akajibu Dereva, anafuta kioo, shingo hakuigeuza. Ningekuwa nimelala mtaroni angejibu vivyo hivyo.

Tulikwenda kwenye bustani ya miche. Wenzangu walipita kati ya vitalu wameshikana mikono, wanaonyeshana. Mwenzi wangu alibaki garini na simu yake. Nikavisoma vibao vya miche kwa sauti, kimoja kimoja, na aliyenijibu ni chura.

Machi 10, Jumatatu.

Mvua. Mwanangu alipokuja kunichukua aliniuliza, "Vipi leo, mama?" halafu akaongeza sauti ya redio.

Machi 13, Alhamisi.

Bibi mmoja amehamia kwa kaka yake, na mwenzi wake amebaki peke yake. Mratibu akamshika mkono mzee huyo akamleta kwangu kama anayeleta posa. Ni mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, kazi yake ilikuwa kutengeneza redio. Wanamwita Fundi. Matembezi hayakuwepo kwa sababu ya mvua, tukakaa dirishani. Hakusema neno. Nikajiambia, makubwa, nimetolewa kwa bubu wa simu nimepewa bubu wa dirisha.

Machi 20, Alhamisi.

Tulikwenda kiwanda cha mikate. Tumevalishwa kofia za nailoni, Mwenyekiti akafanana na uyoga. Nikiwa natazama mikate inavyotoka kwenye tanuri, nikasikia nyuma yangu:

"Dada, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Niligeuka kuhakikisha ni mimi. Ni Fundi. Nikamwambia. Nikamwambia ya stendi, ya mvua iliyokata umeme nikatangaza kwa mdomo mtupu siku nzima, ya abiria na mbuzi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Nilijua. Sauti yako haina mikwaruzo."

Nimerudi nyumbani nimejitazama kwenye kioo. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Machi 24, Jumatatu.

Fundi ameniuliza, "Dada, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, hakuna utani. Nikaumia kwanza, maana masimulizi yangu yote ya Alhamisi yalikuwa yamekwenda na maji. Halafu nikamwambia upya, na mbuzi nikamwongezea pembe. Akacheka palepale alipocheka mwanzo, akasema sauti yangu haina mikwaruzo.

Wajue huko nyumbani: yuko mtu ambaye naweza kumsimulia mara mia.

Machi 27, Alhamisi.

Fundi alikwenda choo asirudi. Nilimkuta stoo, amesimama mbele ya mafagio, ameshika mpini wa moja kama anayepeana mkono. "Wamebadilisha milango," akasema. Nikamwambia ndiyo, hawa watu hawatulii. Nikamrudisha.

Tulipokaa, akili yake ilikuwa safi kabisa, na akaniambia jambo. Kituo hiki ni cha wazee wanaojiweza tu. Mkuu amelisema hilo siku ya kwanza na amelibandika mlangoni. Ukianza kupotea njia ya choo, unarudishwa kwenu, kwa kuwa hapa hakuna watu wa kukufuata. Na Fundi kwao ni chumba kimoja na binti yake, anayefanya kazi ya zamu. "Kabla ya kuletwa hapa," akasema, "alikuwa akitoka ananifungia kwa kufuli. Simlaumu, dada. Siku moja nilikwenda mpaka barabara kuu. Lakini mchana ule ni mrefu. Unausikia mtaa mzima, na wewe huwezi kuufungulia mlango."

Nilitaka kusema neno la maana, mimi mwenye maneno. Nikamwambia anywe chai isipoe.

Aprili 2, Jumatano.

Nimepata njia. Fundi haoni tena mlango upi ni upi, lakini sauti anaifuata bila kukosea. Basi nimerudi kazini. "Abiria wote wanaokwenda kunawa mikono, mlango wa kushoto, wa kushoto, baada ya meza ya chai!" Fundi anainuka, anakwenda kushoto. "Abiria wa ukumbini, safari ya kurudi, fuateni sauti!" Anarudi. Watu wanadhani nachekesha. Wengine wameanza kuniitikia. Mwenyekiti amekwenda kulalamika kwamba kituo kimekuwa stendi, Mratibu akamwambia, "Mzee, afadhali stendi kuliko msibani." Binti yule nilikuwa namwona mkavu. Leo nimemwona akila chakula chake amesimama, jicho kwetu, anatuhesabu kwa kidevu.

Aprili 7. Mvua.

Fundi ameuliza. Nimejibu.

Aprili 9. Mvua.

Ameuliza mara mbili.

Aprili 10, Alhamisi.

Matembezi yameahirishwa, barabara imejaa maji. Nyumbani umeme haupo. Tumekaa sebuleni wote watatu gizani, kila mmoja na simu yake usoni ila mimi. Nikasema, "Leo Fundi kafinyanga redio ya udongo." Mwanangu akasema, "Eeh." Baada ya muda mkwe wangu akauliza, "Nani?" Nikasema basi, si kitu.

Aprili 16, Jumatano.

Uji wa moto umeniunguza ulimi. Siku nzima sijatangaza vizuri. Fundi kaingia ofisini kwa Mkuu akidhani ni choo; bahati Mkuu hakuwepo.

Aprili 24, Alhamisi.

Naandika nimejifunika blanketi, kwa baridi na kwa mengine.

Leo tulikwenda shamba la maua, mbali, nje ya mji. Mabanda ya nailoni nyeupe, marefu, yamejaa maua ya kusafirishwa. Tangu asubuhi Fundi hakuwa vizuri. Aliniuliza garini. Akaniuliza getini. Akaniuliza tukiwa ndani ya banda, mvua inapiga juu kiasi kwamba ilibidi apige kelele: "Dada, ulikuwa unafanya kazi gani?" Na mimi jana usiku nilikuwa nimelala vibaya, mwanangu Pasaka yote alifanya kazi ya ziada hata hakuonekana, magoti yananiuma, na nikafikiri: haya ndiyo mazungumzo niliyobaki nayo duniani, swali moja. Nikageuka nikamfokea. "Nimeshakwambia! Nimekwambia mpaka nimechoka! Acha kuniuliza!"

Sauti hii haijui kufoka kidogo. Banda zima liligeuka. Fundi akarudi nyuma hatua moja, akafunga kifungo cha shingoni ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Akasema, "Samahani, dada."

Nikaenda choo cha wafanyakazi, nyuma ya mabanda, ili nilie bila kutazamwa. Nikiwa huko mvua ikashuka ya kweli, ile isiyokuonyesha mkono wako. Nikasikia filimbi kwa mbali. Nikasikia gari likiwashwa. Niliposukuma mlango na kukimbia, kama mimi bado ni mtu wa kukimbia, nikakuta matope na alama za matairi zinajaa maji.

Niliita. Mimi niliyeita mabasi ya mji mzima, niliita gari moja. Mvua ilinishinda.

Mlinzi wa shamba akanipa kiti chini ya kibaraza. Simu yangu iko kwenye begi, begi garini. Yake imeisha chaji. Akasema, "Watarudi tu, mama, wakikuona hupo." Nikakaa nikisubiri kuonekana sipo. Mwanzo nilikuwa na hasira: nani kanijibia? Kisha nikajua ni nani, na hasira ikaniishia nikabaki mtupu. Nilijiuliza, kwa nyumba ile na ukumbi ule, ni nani angegeuka akasema, mbona kumepungua mtu? Nilitafuta kwa uaminifu. Sikumpata.

Giza lilikuwa linaanza nilipoona taa. Ni Dereva, peke yake, gari limeloa tope mpaka madirishani. Daraja dogo lilikuwa limefunikwa na maji, amepita hivyo hivyo. Aliruka chini bila mwamvuli.

"Mama yangu, nisamehe. Njiani nilihisi kitu. Sauti yako haikusikika. Kila safari tukikaribia wewe hutangaza kituo cha mwisho, sivyo? Leo tumefika hakuna aliyetangaza. Nikageuka kutazama."

Mtu huyu niliyemwandika vibaya humu.

Njiani aliniambia lililobaki, macho barabarani. Mratibu alikuwa amesimama mlangoni, amelowa, kioo kimejaa ukungu, anaita majina. Kwa Kipaza, Fundi alijibu "Yupo!" kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya uhakika. "Na hakudanganya, mama. Alikuwa anakuona. Njia nzima nilimwona kwenye kioo cha ndani akiongea, nikadhani ni na wewe, kumbe ni na kiti chako. Koti lake amelitandika pale ulipokaa, ati unahisi baridi. Anakiambia kiti, dada usinikasirikie, leo sitauliza tena. Tulipofika akasimama mlangoni, kanyoosha mkono akuteremshe."

Nililia tena, mbele ya Dereva, kwa sauti yote. Hakuwasha redio.

Aprili 28, Jumatatu.

Mkuu ametuita ofisini: mimi, Fundi, Mratibu, Dereva. Mwenyekiti kajileta mwenyewe, kama shahidi. Mratibu hana filimbi shingoni, macho yamevimba.

Mkuu si mtu mbaya. Alizungumza taratibu. "Fundi, ulijibu kwamba mwenzako yupo?"

"Nilijibu yupo kwa sababu alikuwepo," Fundi akasema. "Tuliongea naye njia nzima."

Mkuu akamtazama Fundi, na niliona neno "kufuli" wazi kabisa ingawa hakuna aliyelitamka. Nikasema:

"Ni kweli. Nilipanda. Alinijibia nikiwa kando yake. Halafu nikashuka kwa mlango wa nyuma."

"Mlango haukufunguka!" Mwenyekiti akadakia. "Mimi nilikaa karibu!"

"Ule mlango haushiki," Dereva akasema, anatazama viatu vyake. "Na kwa mvua ile usingesikia hata ngoma."

"Ulishuka kufuata nini, mama?" Mkuu akauliza.

Hapo sikuwa nimejiandaa. Nilitafuta uongo wa kuendelea nao, begi, kitambaa, nikaona kila mmoja una tundu. Nikasema, "Sikumbuki."

Mkuu akavua miwani. Nilimwona akinihurumia palepale. Akasema nipumzike nyumbani kwanza, hadi daktari anipime kumbukumbu. Kisha akaongeza, ili haki itendeke, "Daktari akisema wewe ni mzima, mama, basi utarudi, na itabidi tumtazame Fundi. Mmoja wenu siku ile hakuwa sawa, na mimi siwezi kubeba hatari hiyo."

Tukitoka, Fundi akanishika kiwiko kwenye kizingiti. "Dada," akasema, "una sauti nzuri. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikamsimulia yote, nimesimama ujiani, hadi mwanangu akapiga honi mara ya tatu.

Mei 2, Ijumaa.

Mwanangu ameficha kiberiti cha jiko la gesi. Mkwe wangu amekaa na mimi jioni nzima, simu kaiweka kifudifudi, nikamsimulia ya mbuzi mwanzo hadi mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama unavyomtikisia mgonjwa. Nilitamani aniambie ameshaisikia.

Mei 5. Mvua inapungua.

Sijazungumza na mtu tangu asubuhi.

Mei 6.

Vilevile.

Mei 8, Alhamisi.

Dereva amepitia getini baada ya kazi, hakutaka kuingia, viatu vina tope. Nilimuuliza kabla ya salamu: Fundi je?

"Yupo. Sasa mimi ndiye ninayetangaza."

"Wewe!"

"Nafanyaje? Ana mwenzi mpya, Mratibu mwenyewe amejipachika kwake. Na mimi nikiwa ukumbini napiga kelele, abiria wa kunawa mkono wa kushoto. Mwenyekiti anasema bora wewe, mimi nina sauti ya debe." Akacheka, kisha akaacha. "Anauliza dada yuko wapi. Tunamwambia amesafiri. Anasema sawa, lakini anakuwekea kiti."

"Na Mratibu anajua?"

"Mama, wewe nawe. Mratibu anajua tangu siku ya mafagio."

Nilisimama getini hata baada ya gari kukata kona. Basi yule binti alikuwa akimfunika upande wake na mimi upande wangu, kila mtu kivyake, na tulikuwa hatujazungumza hata siku moja zaidi ya "vizuri, mama, nyoosha mkono".

Mei 14, Jumatano. Jua.

Kesho ni kwa daktari. Mwanangu ameomba ruhusa kazini. Nimefikiri mchana kutwa, sina jingine la kufanya. Nikibaki nyumbani, nitakuwa na nyumba hii. Kuna dirisha, kuna paka wa jirani, mlango unafunguka. Nikirudi kituoni, Fundi anarudi kwenye kufuli. Sitaki kuwa mwema, nataka kiti changu. Nataka mtu aniulize kazi yangu kila siku mpaka nife. Nimeliandika hili ili nisije nikajidai baadaye.

Mei 15, Alhamisi.

Daktari ni kijana mwenye sauti ya chini, inabidi umsogelee. Mwanangu alikaa kando yangu, kofia magotini. Daktari aliniambia majina ya vitu vitano niyakumbuke: kiti, ndizi, barua, daraja, sabuni. Akanipa kalamu nichore nyumba. Nikachora nyumba nzuri, na bomba la maji nikaweka, kwa sababu mkono uliona haya kuharibu. Daktari akasema vizuri sana, mama, vizuri sana. Mwanangu akapumua. Nikajua nikiendelea hivi nimekwisha rudi.

"Sasa niambie vile vitu vitano."

Kiti, ndizi, barua, daraja, sabuni.

"Kiti," nikasema. Nikanyamaza. "Kuna kiti."

"Hakuna haraka. Vingine?"

"Palikuwa na vingine?"

Kalamu ya daktari ikaandika. Akanisogelea. "Haya, mama. Leo ni siku gani?"

Dirishani kulikuwa na jua, barabara imekauka. Saa ile gari lao linapakia. Mratibu amesimama mlangoni na majina yake, wamevaa kofia za jua, na Fundi, kiti cha nyuma, anajibiwa: yupo.

"Jumapili," nikamwambia.

Mwanangu akanishika mkono. Alikuwa hajanishika mkono tangu siku tuliyomzika baba yake. Aliushikilia mpaka nje, mpaka garini, na redio hakuiwasha. Akaniomba nimsimulie chochote, chochote tu ninachokumbuka.